Bi Shekha Habishi Mlango Bure

Jumatatu, 6 Oktoba

Jana alikuja Ami Jaafar kutoka Marereni na mfuko wa chumvi. Kila akija, chumvi. Nyumba yetu ina chumvi ya kukaushia nyangumi. Akanishika mkono hapa juu, akaufinya kama anayenunua mbuzi, kisha akamwambia Baba kwamba mfupa upo, nyama itakuja kwa kazi.

Ami Jaafar ni msimamizi wa vibarua kwenye mashamba ya chumvi. Sikupenda alivyonifinya.

Leo nimejua kwa nini. Baba ameniita chumbani kwake kwa cherehani. Ni fundi wa kanzu, na alikuwa na pini mdomoni. Maneno yanayopita katikati ya pini hayana mzaha. Amesema Siku ya Wazazi ni Jumamosi ya wiki ijayo, naye atakuja. Mwalimu wangu wa darasa akisema neno moja jema juu yangu mbele ya watu, nabaki shuleni. Asiposema, shule ikifungwa nakwenda kwa Ami Jaafar kukwangua chumvi, na Januari kiti changu apewe mwengine.

Nikauliza kama hilo neno lazima liwe refu. Mama akanitolea macho.

Neno moja. Kwa kijana kama mimi, mwenye kipaji, uso mzuri na uzoefu (Kidato cha Pili nimekisoma mara mbili), ni kazi ya asubuhi moja. Tatizo ni mwalimu mwenyewe. Mwalimu Simeon Kahindi anatufunza kemia na hajapata kumsifu kiumbe. Widad aliposhinda mashindano ya kaunti, Mwalimu alimwambia haikuwa vibaya.

Kesho naanza.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimefika shuleni kabla ya kila mtu. Kwa kweli Mramba alikuwepo, lakini Mramba hahesabiki. Hutoka Sabaki kwa baiskeli na kufika kabla mlinzi hajavaa viatu. Ndiye jirani yangu wa dawati. Ana mabega ya mlango na maneno machache. Mengi ya hayo machache huulizia chakula.

Mpango: darasa ling'ae, Mwalimu aingie, ashangae, aulize ni nani. Mimi nikapanga, Mramba akafagia. Ubao nikaufuta kwa mkono wangu mwenyewe mpaka ukawa mweusi kama siku ulipopakwa rangi.

Mwalimu akaingia. Akautazama ubao. Akautazama sana. Kumbe jana alibaki mpaka jioni akichora mitambo ya jaribio la leo, na pembeni akaandika USIFUTE. Neno hilo nililiona. Nilidhani ni sehemu ya kemia.

Akauliza ni nani. Nikanyamaza, kwa unyenyekevu. Abdillahi akasimama bila kutajwa jina akasema ni Adnan, Mwalimu, nimemwona kwa macho yangu.

Abdillahi ndiye kiranja wetu. Shati lake lina mikunjo miwili tu, na yote ni ya pasi. Akikaa, hukaa nusu, asije akaiumiza suruali. Tangu madrasa tunafukuzana yeye na mimi, ila yeye hajui kwamba tunafukuzana, na hilo ndilo linaloniudhi.

Nimechora mitambo yote upya wakati wa mapumziko. Mwalimu amesema mtungi niliouchora ungewaua watu.

Jumatano, 8 Oktoba

Siku kubwa. Niandike taratibu.

Kipindi cha kemia, Mwalimu alichelewa. Darasa bila mwalimu ni kama jukwaa bila mtu, na mimi siwezi kuliona jukwaa tupu nikalihurumia kwa mbali. Nikapanda juu ya dawati nikatangaza kwamba leo nitawaonyesha nyinyi wenyewe, mjijue.

Nilianza na Mahir. Mahir hulala wima, kalamu mkononi, macho yamefumbwa nusu, na kila mwalimu akitua hutikisa kichwa kama aliyeelewa. Kuna mwalimu wa mazoezi aliyemsifu kwa usikivu. Nikamwigiza. Watu wakacheka mpaka Mahir mwenyewe akaamka akacheka nao, hajui wanacheka nini.

Kisha Widad. Widad hunyoosha mkono kabla swali halijaulizwa. Siku ya Usafi alisimama nyuma ya mgeni rasmi na kalamu nyekundu akilisahihisha bango, huku mgeni anahutubia. Mtu huyo haogopi mtihani, haogopi mkaguzi. Lakini mjusi alipodondoka darini, alikuwa juu ya meza ya mwalimu kabla mjusi hajafika chini. Nikaruka dawati kwa dawati nikiwa nimekusanya sketi isiyokuwepo. Widad akasema kwa utulivu kwamba mjusi yule alikuwa mkubwa kuliko kawaida, na kwamba mimi nasimama juu ya dawati lake na viatu.

Kisha Kamande. Baba yake alihamishiwa kazi Malindi kutoka bara, na Kamande alipofika kwetu alikuwa akiita kila samaki samaki. Sasa ni mtu wa pwani kuliko sisi tuliozaliwa nayo. Kofia kaiweka upande, anatembea kama ana ekari mia za minazi, na kila sentensi ina yakhe mbili. Akikohoa, hukohoa kama mzee wa baraza. Nikakohoa. Kamande akasema yakhe Adnan, wanivunjia heshima yakhe.

Mramba nilimpitia tu, kwa sababu ndiye anayenipa nusu ya muhogo wake.

Abdillahi nikamtengenezea mahali pake. Mimi najua siri yake. Saa za mapumziko huenda nyuma ya shule akalihutubia tangi la maji. Mabibi na mabwana, huliambia tangi, wageni waheshimiwa. Hutua apigiwe makofi. Nikapiga makofi yale yanayopigwa na tangi, dum, dum. Abdillahi akawa mwekundu mpaka kwenye kola.

Nikamalizia na Mwalimu Kahindi. Chaki nyuma ya sikio. Kila jambo linaanza na kwa hivyo basi, hata kama hakuna lililotangulia. Miwani kaipandisha kichwani, naye anaitafuta mezani, mfukoni, chini ya mkeka wa mlango. Nikaitafuta. Nikapapasa. Darasa likawa kimya kabisa. Nikadhani sanaa imewazidi.

Mwalimu alikuwa dirishani. Miwani kichwani.

Akaingia. Akasema kwa hivyo basi, mdomo kama huu kukaa bure ni hasara kwa taifa. Barua za Siku ya Wazazi tumezipeleka Mambrui kila mwaka, na kila mwaka wanakuja wazazi wanaotosha benchi moja. Barua tumeziona sokoni zimefungiwa mahamri. Watu wa Mambrui huitikia mdomo. Basi adhabu yangu ni kwenda mlango kwa mlango, nyumba zote za darasa letu, niwaalike kwa kinywa changu. Wakija, atasimama mbele yao aseme ni nani aliyewaleta.

Mbele yao. Mbele ya Baba. Aseme.

Adhabu gani hii? Nilitaka kumkumbatia. Abdillahi akanyoosha mkono akajitolea kuifanya yeye. Mwalimu akamwambia hakuna anayejitolea kuadhibiwa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimetoka shule nikaenda kualika. Nilidhani nitazimaliza nyumba zote kabla ya magharibi.

Huwezi kumwalika mtu mlangoni na kuondoka. Nilikuwa nimesahau. Nyumba ya kwanza, kwa kina Mahir: hodi, karibu, shikamoo, marahaba, keti, baba yako hajambo, mama yako goti limepoa, yule nyanya yako wa Ngomeni. Nikaletewa kaimati. Nikazila kwa adabu. Nikaletewa nyengine kwa sababu nimezila kwa adabu. Neno la shule nikalitia mwishoni, nikiwa mlangoni navaa viatu.

Nyumba ya pili vivyo hivyo, ila na chai ya tangawizi na kisa kizima cha mpwa aliyekwenda Oman.

Nyumba mbili, jioni nzima. Tumbo kama ngoma. Kwa mwendo huu nitamaliza Ramadhani.

Abdillahi, kwa upande wake, amechora kadi za mwaliko kwenye simu, zenye maua, akazichapisha mjini Malindi na kumpa Mwalimu. Hakuambiwa na mtu. Mama amefungia dagaa kwa ile niliyopewa darasani.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimepata. Wazo limenijia msikitini, na wazo likija mahali kama pale huna haki ya kulikataa.

Bi Shekha.

Mambrui hakuna arusi wala maulidi yanayokwenda bila Bi Shekha. Mwenye shughuli humpa siku na saa, naye hupita nyumba kwa nyumba, leso kaifunga kiunoni, anaalika. Haachi nyumba. Hata waliogombana naye huwaalika kwanza, ndipo anawanunia. Na akibisha yeye, hakuna anayeuliza kuna nini. Watu huuliza saa ngapi.

Nikamkuta barazani anachambua mchele. Nikamwamkia, nikamweleza kwa utamu wote nilionao. Akasita. Akasema yeye hajapata kualika watu wakarudi na njaa, tangu yu mwari mpaka leo, na hana nia ya kuanza uzeeni. Akataka kujua kama watakula.

Nikayafikiria mandazi ya shule. Mandazi huliwa. Nikasema watakula, bibi yangu.

Akauliza kama watashiba.

Nikasema shule ina sufuria kubwa kuliko zote za Mambrui. Hilo ni kweli. Sufuria ipo, nimeiona.

Akanitazama sana, kisha akasema haya, mwana wa fundi, kwa sababu ya baba yako. Kwa malipo nimemwahidi atapasuliwa kuni zake zote. Mramba bado hajui.

Mimi nikaenda kuogelea.

Jumatatu, 13 Oktoba

Kazi inakwenda yenyewe. Huu ndio ukubwa: kukaa kivulini na jambo likatendeka.

Sokoni habari ni moja. Asubuhi nimesikia shule inachinja ng'ombe. Adhuhuri ng'ombe wamekuwa wawili. Nikirudi nyumbani, muuza maji akaniuliza kama ni kweli ngamia analetwa kutoka Garsen. Nikamwambia mimi ni mwanafunzi tu.

Baba anashona mpaka pini zimemwishia. Kila mtu anataka kanzu kabla ya Jumamosi. Amemuuliza Mama ni nani anayeoa. Mama amesema hajui, lakini kaalikwa. Kisha akanigeukia: hata mimi, mama yako mzazi, sikualikwa na wewe, nimealikwa na Bi Shekha.

Shuleni, Abdillahi amemshitakia Mwalimu kwamba nimeonekana ufukweni saa za kualika. Mwalimu akanikabili. Nikamwambia asubiri Jumamosi. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia Mwalimu, leta viti.

Mramba amepasua kuni. Aliuliza tu kama ile pilau itakuwa na viazi.

Pilau. Hata yeye.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimepita jikoni ya shule, kuhakikisha tu. Mpishi alikuwa anapima unga wa mandazi. Nikauliza mandazi ya watu wangapi. Akasema kama mwaka jana, benchi moja, na ziada kidogo kwa walimu. Nikauliza ile sufuria kubwa iko wapi. Akanionyesha. Kuku wa mlinzi analalia mayai ndani yake.

Jasho likanitoka mahali nisipopajua.

Nimekimbia kwa Bi Shekha. Nikamwomba apite tena, awaambie watu kwamba mambo yamepungua, waje lakini wale nyumbani kwanza. Akaweka chini ungo. Akasema mwaliko haurudishwi ndani ya mdomo. Ukishatoka umetoka. Kitu kimoja tu ndicho huvunja shughuli, nacho ni msiba. Akaniuliza nani amekufa.

Nikamfikiria Mahir. Anavyolala, watu wangeamini mpaka Jumapili. Lakini mama yake alinipa kaimati.

Nikasema hakuna, bibi. Akasema basi Jumamosi, na jina lake liko juu ya kichwa changu kama mtungi, nisije nikajikwaa.

Naisikia Marereni inaniita. Inaniita kwa sauti ya Ami Jaafar.

Jumamosi, 18 Oktoba

Niandike yote, yasije yakasimuliwa na Abdillahi.

Walianza kuja saa tatu. Kwanza wazee, kanzu mpya zote za Baba, zinang'aa mpaka uwanja ukaonekana umefuliwa. Kisha kina mama, udi unatangulia na wao wanafuata. Kisha nyumba ambazo hazina mtoto shuleni. Kisha nyumba ambazo hazina mtoto kabisa. Wengi wa kina mama walikuwa na vyombo vyenye vifuniko mikononi, vya kuwabebea walioachwa nyumbani. Wazazi wa Mramba wametoka Sabaki na gunia la nyanya na vitunguu, zawadi ya mwenye shughuli. Ami Jaafar naye akaja kutoka Marereni, maana habari za ngamia zilifika huko. Alileta chumvi.

Mwalimu Kahindi alisimama langoni na uso ambao sijapata kuuona. Alikuwa akifurahi. Mkuu wa shule alimpa mkono mara mbili. Viti vikaisha, madawati yakatolewa, madawati yakaisha, watu wakakaa kwenye majamvi. Nikaona Baba anaona. Nikasema moyoni, Adnan, umefika.

Mkuu wa shule akahutubia. Alihutubia sana. Wazee wakaanza kunusa upepo. Unajua mtu anavyonusa akitafuta pilau imefikia wapi: kichwa juu, pua upande. Safu nzima ikanusa kushoto, kisha safu nzima ikanusa kulia. Hakukuwa na kitu. Mzee mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba labda wanapikia mbali.

Mandazi yakaletwa. Sinia moja. Likaishia kwa mzee wa tatu.

Mzee wa nne akaligeuza sinia, akatazama chini yake.

Bi Shekha akainuka kutoka katikati ya kina mama. Hakupaza sauti. Akauliza tu, mwana wa fundi, moshi uko wapi?

Watu wote wakageuka. Mwalimu akanijia akaniuliza nimewaambia nini watu hawa. Nikasema sikuwaambia kitu, Mwalimu, nimemtuma Bi Shekha. Mwalimu ni mtu wa Ganda kule Malindi, lakini kaishi Mambrui ya kutosha. Alielewa pale pale. Akaitoa miwani kichwani, akaivaa, akautazama umati, akaipandisha tena kichwani asiuone.

Kwa hivyo basi, akanambia polepole, mpaka kiive chakula, chakula ni wewe. Simama uwalishe.

Bi Shekha yeye alikuwa ameshafika jikoni. Alimwomba mpishi funguo za stoo kwa namna ambayo haina jibu la pili. Mchele wa shule upo. Maharagwe yaliyorowekwa kwa chakula cha mchana cha wanafunzi yapo. Kuku wa mlinzi akaambiwa ahame. Akawagawa kina mama makundi, hawa nazi, hawa mchele, hawa nyanya za Mramba. Mramba akabeba ile sufuria peke yake. Abdillahi, kiranja, shati jeupe, akatumwa kuchochea moto. Alijaribu kueleza kwamba yeye ndiye mwenye hotuba ya shukrani. Bi Shekha akamwambia aushukuru huo moto kwanza.

Na mimi nikasimama mbele ya Mambrui nzima yenye njaa.

Sikuwa na kitu kingine. Nikawaonyesha watoto wao.

Nikalala wima. Mama yake Mahir akapiga kelele kwamba ni Mahir, ni Mahir mtupu! Nikanyoosha mkono kabla ya swali. Nyanya yake Widad akacheka mpaka akaangusha mkongojo. Nikamwangusha mjusi asiyekuwepo, nikaruka jamvi kwa jamvi, na kina mama wakakusanya mabuibui yao kwa kweli. Nikatembea kama mwenye minazi, nikakohoa, nikasema yakhe yakhe. Mama yake Kamande, mtu mpole, akamuuliza jirani yake huyo anayeigizwa ni mtoto wa ukoo gani wa hapa. Jirani akamwambia ni wako, mama. Akacheka kuliko wote, akasema nyumbani hata ugali siku hizi anauomba kwa mashairi.

Nikalihutubia tangi. Mama yake Abdillahi akasimama akasema wallahi kweli, na nyumbani anawahutubia kuku. Kule jikoni moshi ulikuwa mwingi, lakini niliuona uso wa Abdillahi ndani yake, mweusi kwa masizi na mwekundu chini yake.

Mwalimu nilitaka kumruka. Wazee wakamtaka. Nikatazama upande wake. Akainua bega moja. Basi nikaitafuta miwani, kwenye majamvi, kwenye gunia la vitunguu, ndani ya kofia ya Baba. Baba alicheka. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini. Alicheka na hakuwa na pini mdomoni.

Nilipoishiwa nikarudia. Nilipochoka kurudia, harufu ya nazi ikafika.

Haikuwa pilau. Wali wa nazi na maharagwe, na kachumbari ya Sabaki. Chumvi ilitoka kwa Ami Jaafar, na kwa mara ya kwanza ilikuwa na kazi. Watu walikula wakashiba, na vyombo vyenye vifuniko vikajaa. Bi Shekha alikula mwisho. Alipomaliza akanambia jina lake limebaki juu, ila shingo inamuuma, na shingo hiyo mimi ndiye nitakayeikanda: nitamkunia nazi kila Ijumaa mpaka atakaponiambia basi.

Ndipo Mwalimu akasimama.

Nimeyahifadhi maneno yake kwa moyo, naweza kuyasoma kama sura. Alisema kwa hivyo basi, tangu aje shule hii hajaona wazazi wamejaa hivi. Alisema kuna kijana hapa, Adnan bin Fundi, ambaye kuhusu kemia yake tusiharibu siku. Lakini kuwaita watu wakaja, na kisha kuwafanya watu wote, mpaka kiranja, mpaka wazee, wafanye kazi ambayo yeye mwenyewe hakuigusa hata kwa kidole, hicho ni kipaji. Hajakiona kwa mtu mwengine.

Baba akainamisha kichwa. Aliyafuta macho kwa pindo la kanzu aliyoishona mwenyewe.

Sio neno moja. Nimehesabu, yanapita thelathini. Nabaki shuleni.

Jumapili, 19 Oktoba

Nabaki shuleni. Baba amelithibitisha, na pini zilikuwa mdomoni.

Lakini Ami Jaafar hakulala. Amelala kwetu na hakulala. Asubuhi alikaa na Baba barazani na kahawa, akasema maneno ya yule mwalimu yamemwingia. Kuwaita watu wakaja. Kuwafanya wafanye kazi. Hicho ndicho kitu alichokuwa akikitafuta Marereni miaka na miaka. Anao wa kukwangua, hana wa kuita. Vibarua wanaamka wanapotaka. Akasema mikono yangu hana haja nayo tena, anautaka mdomo.

Baba akasema shule ni shule. Ami akasema bila shaka, lakini likizo ni likizo. Mama akasema ni kazi ya heshima. Wakanywa kahawa yao juu yangu.

Likizo yote. Naondoka Jumamosi shule ikishafungwa. Neno jema limenipeleka kule kule, tena kwa sifa.

Jumatano, 22 Oktoba

Darasani hakuna anayesema nami, ila wanaotaka kunitukana. Widad kaletewa mjusi wa plastiki na mdogo wake, anasema ni kazi yangu. Kamande amekatazwa kusema yakhe nyumbani. Ameanza kusema aisee, anaugua. Abdillahi ameomba tangi lihamishwe.

Mahir peke yake kanijia. Baba yake ni mwoka mikate, na Mahir huamka kabla ya alfajiri kukanda unga. Sikujua. Hakuna aliyejua. Baba yake alipoona ninavyolala wima pale uwanjani alicheka, kisha akaacha kucheka, na sasa amemwajiri binamu, na Mahir halali tena darasani. Alikuja kunishukuru. Macho yake yote mawili yalikuwa wazi, nikaogopa.

Nikamwambia ndivyo nilivyopanga tangu mwanzo. Mramba akanitazama. Akanikatia muhogo lakini ile nusu ndogo.

Jumapili, 26 Oktoba

Marereni. Kila kitu ni cheupe na kinaumiza macho. Mabwawa ya chumvi mpaka mwisho wa dunia, na upepo una ladha.

Ami Jaafar amenikabidhi kazi yangu. Kesho asubuhi kuna bwawa la mbali linataka kukwanguliwa, na vibarua hawalipendi kwa sababu ni mbali. Mimi nipite leo nyumba kwa nyumba niwaalike, kwa kile kipaji.

Nimezitazama hizo nyumba. Ziko mbalimbali, jua ni kali, na kila mlango utakuwa na kikombe chake cha chai na mpwa wake wa Oman. Nilipita nyumba moja nikatafakari.

Karibu na lango la kuingilia mashambani kuna mama anaitwa Bi Harusi, anauza uji na mahamri. Kibarua hapiti bila kusimama kwake. Yeye anawajua wote, wote wanamjua, na wamemwamini tangu wakiwa watoto. Nikakaa kwake kivulini. Nikamwamkia vizuri. Nikamwomba awaambie watu wake wa bwawa la mbali, kesho, wasikose.

Akaniuliza kuna nini huko hata mtu aende mpaka kule. Nikamwambia yeye awaambie tu kwamba msimamizi ana sufuria kubwa.

Na ni kweli, anayo. Nimeiona stoo. Wanapimia chumvi.